Mbavu za Kikorea

Mke wangu alikuwa na wiki ya sita kwa mdogo wake, na ujumbe ulikuja kupitia huyo huyo shemeji. "Dada atakula na wewe mchana wa Jumamosi. Anataka nyama ya kuchoma ya Kikorea. Tafuta mahali pazuri, shemeji, na safari hii utulie." Baada ya hapo, akaongeza, dada ataamua kama anarudi nyumbani au ndiyo basi tena.

Nitulie. Mimi mtu wa bucha, mtaa mzima unaniita Kisu, nianze leo kutulia. Wiki nzima moyo haukunikaa. Nilizunguka mikahawa mitatu. Wa kwanza walileta nyama bado ina barafu. Nikaondoka bila kuaga. Wa pili wanachomea kwenye gesi, na gesi haina harufu, ni kama kupasha maji tu. Wa tatu, jiko la mkaa limo ndani ya meza, na nyama ni ya leo, mafuta yamepita vizuri kana kwamba nimeichagua mwenyewe. Nikasema hapa hapa.

Jumamosi nilifika roho juu. Mlangoni nilikuwa nachungulia ndani kama mkaa wao umekolea, nikajikwaa kwenye begi lililowekwa karibu na kiti cha mlinzi. Nikalisukuma kwa mguu. "Watu wanaacha mizigo njiani kama kwao," nikamwambia. Mlinzi akatazama pembeni.

Mke wangu alikuwa ameshakaa karibu na dirisha. Tukasalimiana kama watu waliokutana benki. Mbavu zikaja, na mhudumu akatoa mkasi. Mkasi! Akaanza kukata nyama kama fundi cherehani. Damu ikanipanda. Nikamwomba ule mkasi, kuomba kwenyewe nusu kunyang'anya, nikashika na koleo. Nikawa nakata, napindua, napanga. Nikainama kukagua mkaa. Nikainuka kumfuata mhudumu, nimweleze nyama hukatwa upande gani.

"Kaa," mke wangu alisema.

"Nakaa. Hii itaungua."

Alichukua jani la saladi, akaweka kipande cha nyama, wali kidogo na pilipili ya kusaga, akalikunja na kuninyooshea mdomoni. "Hii hailiwi nusu nusu. Weka yote, na usiongee."

Nikaweka. Mashavu yakavimba, neno halipiti. Hapo ndipo alipotoa ya moyoni.

"Miaka kumi na moja nakula mezani peke yangu. Wewe unakula wima, umeshika kitu. Watu wanadhani tuligombana. Tungegombana saa ngapi, na hujakaa?" Akaonyesha mlango kwa kidole. "Lile begi la mlangoni ni langu. La kijani, lenye zipu uliyoahidi kuipeleka kwa fundi. Nilijiambia, akilitambua tu, narudi naye leo leo. Nikakuona kwa dirisha hili ukilisukuma kwa mguu."

Nilitaka kujitetea, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Nikatafuna na aibu yangu. Kwenye jiko, mbavu zikaanza kutoa moshi. Mkono ukanyanyuka wenyewe kuelekea koleo. Nikaurudisha, nikaukalia. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesuka upya, na chini ya macho palikuwa na weusi ambao siku anaondoka haukuwepo, au ulikuwepo na mimi sikuangalia. Niliumia. Nyama iliungua, watu wa meza ya pili wakakohoa, mhudumu akaja mbio kuiondoa.

Mke wangu aliutazama wavu mweusi, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Hilo nimeliona," alisema.

Nilimeza. "Nisamehe," nikasema.

"Agiza nyingine, wachome wao. Tule, ukiwa umekaa. Halafu kalichukue lile begi." Akavuta sahani yangu, akaanza kunikunjia jani la pili. "Ulibebe kwa chini. Zipu itaachia."