Swali la Ngambo kwa Mzimu

Kuolewa na mume mkorofi ni taabu, lakini kuolewa na mume asiyejibu ni taabu mara mbili. Hii ilikuwa siku ya tisa Ngambo akizungumza na ukuta. Kila alipomwuliza mumewe, Chinyemba, lile swali lake moja, Chinyemba aligusa koo, akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akaendelea kutafuna mizizi ya dawa na kulamba asali.

"Baba Kapalu, ndiyo au hapana?"

Koo.

"Basi chora! Mchanga si huo hapo chini?"

Chinyemba akachukua kigoda chake, akahamia upande wa pili wa nyumba.

Ngambo alijua fika koo lile lilikuwa likitunzwa kwa kazi gani, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana hakuruhusiwa kujua. Mwanamke wa Kiluvale hajui ni nani aliyemo ndani ya likishi, yule mwenye kinyago anayecheza ngoma za jando. Likishi ni mfu aliyefufuka kaburini, basi, habari imekwisha. Kila mwaka watoto walipokuwa jandoni, mumewe alishikwa na mafua yasiyo na kamasi. Kisha alitoweka kutwa nzima, na siku hiyohiyo Chizaluke, mzee wa makishi wote, akatokea kijijini na sauti nyembamba ya kuwakwaruza watu masikio. Kesho yake mume alirudi amekauka koo kwelikweli, akauliza kulitokea nini jana. Na Ngambo akamsimulia neno kwa neno, miaka ishirini na miwili, kama mjinga!

Swali lenyewe lilimhusu mama yake, Nyangambo. Macho ya bibi yule yalikuwa yamebaki ya kuona vivuli tu, na aliishi peke yake ng'ambo ya Zambezi, mbugani, ambako maji ya masika huingia hadi ndani. Masika yaliyopita walimkuta amekaa juu ya kitanda siku ya pili, kuku wake wawili mapajani. Ngambo alitaka ahamie kwao. Tatizo ni kwamba alikuwa mama mkwe. Mwanamume hasemi na mama mkwe, wala hamtazami. Akimwona njiani huingia porini mpaka apite. Chinyemba alikuwa bingwa wa kuingia porini. Samaki alimpelekea kila msimu, kwa mikono ya watu, lakini kuishi naye boma moja? Akaona heri anyamaze, swali lichoke lenyewe.

Ngambo hakungoja lichoke. Alimleta mama yake kwa mtumbwi, akamlaza kwa jirani yake Sombo. Mwenye mtumbwi alisema atavuka tena kesho asubuhi, na baada ya hapo hatarudi hadi mavuno. Bibi abaki au apande.

"Una wazimu," Sombo alisema. "Mumeo hata nyumbani hayupo leo. Utamwuliza nani?"

"Yupo wa kuulizwa."

Sombo alielewa, akaziba mdomo kwa kanga. "Shoga, usinitie matatani! Mzee Likomeno akihisi tu kwamba unajua..."

"Ninajua nini? Mimi ninajua nini, Sombo? Mwaka jana si wewe uliyemwuliza Chizaluke mpaka wa shamba lako la muhogo? Akasema, ukakaa mpaka palepale. Mfu akishasema, nani wa kutengua?"

Alasiri ngoma zikapamba moto, na Chizaluke akatoka kichakani na fimbo yake, mashavu yamekunjamana, ndevu za katani zikimfika kifuani. Akaanza kwa kuvuma puani, kama nyuki ndani ya chungu. Kisha sauti ikapanda, ikawa nyembamba kama ya mtoto mchanga, ikashuka ghafla na kunguruma. Wanawake wakarudi nyuma wakipiga mayowe. Hata Ngambo, pamoja na hasira zake, alikiri moyoni kwamba zile siku tisa hazikupotea bure.

Wanakijiji walipoanza kumletea mashauri, Ngambo alimshika mama yake mkono, akaenda naye hadi katikati ya uwanja.

Likishi likawaona. Likageuka, likachukua hatua tatu za haraka kuelekea porini.

"Babu!" Mzee Likomeno, mlinzi wa makishi, alilizuia kwa tawi lake. "Unakwenda wapi? Wafu hawakimbii watu."

Likishi likarudi, limempa bibi ubavu.

"Babu," Ngambo alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "huyu ni mama yangu. Maji yakija, alale wapi?"

Likishi likavuma. Likavuma muda mrefu mno, hata wapiga ngoma wakatazamana. Hatimaye ile sauti nyembamba ikatoka: "Mwanangu, kwani huna mume? Kamwulize mumeo!"

Uwanja mzima ukacheka. Ngambo akasogea hatua moja mbele.

"Nimemwuliza siku tisa, babu! Ana koo! Nikimwuliza, koo. Nikimpakulia shima na samaki, koo limepona!"

"Wewe mwanamke!" Likomeno alipiga tawi chini. "Unamfokea nani?"

"Ninamshtaki mume wangu kwa babu yangu. Nimekosa?"

Likomeno akalirudisha tawi begani.

"Nyamaza, Ngambo," Nyangambo alisema. Akamwachia mkono, akapapasa hewani hadi vidole vyake vikaigusa ile fimbo. "Babu, wewe umekwisha kufa, huna mkwe, kwa hiyo naweza kusema nawe. Nifikishie salamu. Mwambie mkwe wangu samaki wake nimewala miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumpa asante kwa mdomo wangu. Mwaka huu maji yakinikuta, huenda nisipate nafasi nyingine. Simwombi nyumba. Namshukuru tu."

Likishi lilipaswa kuvuma. Likaanza, mvumo ukakwama. Likajaribu kupandisha ile sauti nyembamba, ikapanda, ikakatika, na mahali pake ikatoka sauti nzito ya mwanamume, sauti ambayo kila mtu uwanjani aliisikia kila asubuhi gatini pa samaki:

"Mama."

Ngoma zikazimika. Alichotaka Ngambo ni ndiyo moja tu, hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya kijiji kizima, wala kumnyang'anya kazi aliyoipenda kuliko kula.

Sombo akapiga kigelegele. Wa pili akadakia, wa tatu, kisha wanawake wote kwa pamoja, kwa nguvu kama wanaofukuza ndege mashambani, hadi Likomeno akainua tawi lake.

"Mmesikia nini?"

"Hatujasikia kitu!"

"Wewe bibi uliye karibu. Umesikia nini?"

"Nimemsikia mfu," alijibu Nyangambo. "Mkwe aliye hai haniiti mama."

Likomeno akashusha tawi lake.

Likishi likakohoa, likaitafuta ile sauti nyembamba hadi ikapatikana. "Ngambo! Mumeo akate miti kesho. Nyumba ya bibi ijengwe bomani kwenu, mlango wake uelekee jua linakotoka, wenu uelekee linakozama. Nimesema!"

Vigelegele vikapasuka upya, ngoma zikadakia, na Chizaluke akaondoka akicheza kwa madaha yote ya mfu mwenye heshima. Ngambo akamkalisha mama yake chini, akakaa kando yake, machozi yakaanza kumtiririka. Sombo akamwinamia.

"Sasa unalia nini, na umeshinda?"

"Niache!" alisema Ngambo, akijifuta kwa hasira. "Miaka ishirini na miwili, Sombo! Mpaka afe kwanza ndipo amwite mama yangu mama!"