Rita Amekataa Tena

Mara ya tatu Habibo alipomsikia mwanawe akinung'unika mezani, "Rita amekataa tena," uvumilivu ulimwisha. Kijana mzima, anakataliwa mara tatu, na bado anamwandikia! Alimpigia simu kaka yake Golicha, mfugaji wa Garbatulla. Kesho yake asubuhi Golicha alishuka kwenye lori la mbuzi, vumbi hadi kwenye nyusi, na mfuko wa buni za kahawa za kupelekea posa kwapani.

"Salaam aleikum. Huyo Rita ni msichana ya nani?"

Kijana Umuro alimtolea mjomba wake macho. "Abuya, Rita ni mkubwa wangu wa kazi, yuko Nairobi. Ana wajukuu!"

Habibo alitamani ardhi immeze. Majirani wawili walikuwa wameshaahidi kuja kupika.

Ikabidi Umuro aeleze. Alikuwa akiandika maelezo ya prosesa mpya, ubongo wa kompyuta. Ina viini vinne vya kufanya kazi, vyote vinachota kwenye ghala moja la kumbukumbu ya haraka, na ghala lina msimamizi wake. "Kompyuta haijui hayo yenyewe. Lazima iandikiwe ghala iko wapi, kubwa namna gani, na nani wanachota. Rita anasema mfano nilioweka kwenye maelezo una kosa, nitafute mwenyewe."

"Mimi sikukula vumbi bure," Golicha akasema, akiketi. "Soma."

Umuro akasoma. Golicha alifumba macho, vidole vikicheza gotini kama anavyohesabu mbuzi wakitoka zizini.

"Rudia hapo kwa wenye kuchota."

"Kiini sufuri, kiini moja, kiini mbili."

"Hiyo ni tatu. Si ulisema nne?"

Umuro aliinamia kompyuta. Alihesabu mistari kwa kidole. "Wallahi," akasema, "nimesahau moja."

Alisahihisha, akatuma. Kabla ya adhuhuri jibu lilifika: Rita amekubali. Tena anauliza ni nani aliyeona kosa, kwa sababu desturi yao ni kuandika jina lake chini ya maelezo.

"Golicha," mjomba akasema, akinyoosha kilemba. "Na Garbatulla uandike, wasidhani ni Golicha ingine."

Habibo alijisahau, akapiga kigelegele. Papo hapo mlango ukafunguka: majirani wale, sufuria kichwani, nyuso zikimeremeta.

"Amekubali?"

"Amekubali," Habibo akajibu, akitafuta maneno. "Lakini hakuna bibi arusi. Kuna… ghala."

Majirani wakatazamana. Kisha mmoja akatua sufuria, akaomba kisu cha kumenyea viazi.