Kiuno cha Mkasi

Mkasi, fundi wa magauni, hakuwa mtu wa futikamba. Mteja akija mara ya kwanza, alimsimamisha kando yake mbele ya kioo na kumlinganisha na kiuno chake mwenyewe: huyu amenizidi vidole viwili, yule amepungua kimoja. Tofauti hiyo aliikariri daima; kisha kitambaa kinapimwa kiunoni mwake, kinakatwa, na gauni linamkaa mtu kama kazaliwa nalo.

Mwaka huu magauni yakaanza kurudi, yote yanapwaya kiunoni. Wifi yake, waliyeshirikiana naye duka, ndiye aliyegundua: kipimo chenyewe kimenenepa. Siri ya wifi haina mlango. Benchi zima la wateja likapata habari kwamba Mkasi amezidisha sahani, tena mchana kutwa anajipepea kama jiko la mkaa.

“Umri umefika, wifi,” akamwambia Mkasi kwa sauti ya asali. “Kaa kwenye kigoda, ushone vifungo. Huo mkasi nishike mimi.”

Mkasi akaenda zahanati. Muuguzi akampima damu na kumzungushia futikamba tumboni. Hakumficha: sukari iko ukingoni, presha imepanda. Hedhi ikikoma, mafuta huhamia tumboni hata kama mtu anakula kilekile, misuli hupungua, na joto humkatia mtu usingizi.

“Si ulafi wako, mama,” akasema. “Lakini usikae tu. Tembea, beba vizito, punguza vya sukari, urudi tukupime.”

Usikae! Na kigoda kinamngoja.

Alirudi kwa miguu, futikamba aliyoinunua njiani ikining'inia shingoni, akakuta duka limejaa. Akakibeba kigoda, akakiweka nje juani.

“Mnaonong'ona, nawapunguzia kazi. Hedhi imekoma, sukari inaninyemelea, kiuno kimeongezeka. Mkono haujakoma. Nakata nimesimama, na kuanzia leo kila mtu anapimwa kwa futi. Naanza na wifi.”

Benchi likacheka. Wifi, aliyemzidi Mkasi umri ingawa hasemi, akaja huku kabana tumbo, macho darini.

“Toa pumzi, wifi. Sikushonei gauni la kuvaa bila kupumua.”

Wifi alishikilia mpaka uso ukamwiva. Kisha pumzi ikamponyoka, na futikamba ikateleza vidoleni mwa Mkasi, ikaenda, ikaenda. Kwenye benchi, kila mmoja akaanza kujishika kiuno.

“Hiyo zahanati,” wifi akauliza chini chini, “iko upande gani?”

Mkasi alikuwa na pini mdomoni. Akamwonyesha kwa mkasi, akaendelea kukata.