Bi Malai na Pindo la Joho

Jana, usingizi ulipomkolea, Wirot aliota wembe umeketi ukingoni mwa kitanda chake, unamsubiri.

"Kichwa," wembe ulisema.

Wirot, fundi viyoyozi wa Bangkok, hakushtuka. Alishuku tu. "Nani kakutuma?"

"Mama yako. Zamu yako ya utawa imefika."

Jambo lenyewe halikuwa geni. Kwao Thailand kijana wa Kibudha hunyolewa, huvaa joho la manjano la mtawa na kukaa hekaluni kwa muda, pengine msimu mmoja wa mvua, kisha hurudi kazini kwake. Husemwa kwamba mama yake akifa, atashika pindo la joho hilo apande nalo mbinguni. Mama yake Wirot, Bi Malai, alikuwa amesubiri miaka na miaka bila kumsukuma mwanawe. Sasa haraka hii imetoka wapi?

Wembe unapita. Nywele zinakwenda, nyusi nazo zinakwenda. Anapofumbua macho yuko hekaluni, mbele ya kengele kubwa ya shaba iliyovaa miwani.

"Wewe ni binadamu?" kengele inauliza. Swali hilo huulizwa kila anayeingia utawani, kwa kuwa zamani joka lilijigeuza mtu likajipenyeza.

"Ndiyo."

"Hata joka lilijibu hivyo hivyo." Kengele inamkagua kwa juu ya miwani. "Una ruhusa ya mama na..."

"Anayo!" Bi Malai anadakia nyuma yake kabla swali halijaisha. Wirot anamtupia jicho. Mama yake hajawahi kumkatiza mtu maneno.

Joho linajifunga lenyewe mwilini mwake, linaanza kupaa naye. Bi Malai ananing'inia kwenye pindo, na joho halilemewi hata kidogo.

"Mama, mbona mwepesi hivyo?"

"Wewe panda tu, mwanangu."

"Ulipokwenda hospitali, walikwambia nini?"

"Si nilikwambia ni gesi tu ya tumbo?"

"Tunachelewa," joho linasema.

"Nyamaza wewe!" Wirot anakumbatia ncha ya paa la hekalu. "Sipandi mpaka aseme."

Bi Malai anayatazama mapaa ya jiji chini yake. "Walitaka nirudi na mtu wa nyumbani. Nikaona bora nikuone kwanza umevaa joho."

Wirot ananyoosha mkono amdake. Mama anaukwepa.

"Usiniguse. Umeshakuwa mtawa, na mtawa hamgusi mwanamke." Na pindo linamponyoka.

Wirot aliamka kumekucha, shuka limelowa jasho. Alipapasa nyusi zake, zilikuwepo zote, akajicheka.

Mama yake akaingia na kahawa. Hakumpa mkononi. Alitandaza kitambaa kitandani, akakiweka kikombe juu yake, akarudi nyuma, kama wanawake wafanyavyo wanapompa mtawa kitu.

"Mama, ndiyo nini hivyo?"

Bi Malai akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Hata sijui."

Wirot aliruka kitandani, akaikamata mikono ile yote miwili.

"Hospitali tunakwenda leo," alisema.

Mama hakuuliza nani kamwambia. Alisimama kidogo, mikono yake ikiwa imo ndani ya mikono ya mwanawe.

"Basi ngoja nibadilishe nguo," akasema.