Skrubu za Juu ya Goti

Bawaba alikuwa na imani na chuma kuliko aliyokuwa nayo kwa binadamu, lakini si kila chuma. Alikiamini kile alichokikata mwenyewe, akakichomelea mwenyewe, akakigonga kwa nyundo na kusikia kinavyojibu. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo analazwa, anachomwa sindano ya usingizi, na akizinduka anaambiwa kwamba fimbo ya chuma imepitishwa ndani ya mfupa wa paja lake, kutoka nyonga mpaka karibu na goti, ikafungwa kwa skrubu huku juu na huku chini, na yeye hakushika hata koleo. Wengine wangeuliza kama watapona. Yeye aliuliza, "Nani aliyekifunga?"

Jina hilo la Bawaba alipewa na wateja, kwa sababu mageti yake yalifunguka bila kupiga kelele, hata yakizeeka. Na geti ndilo lililomvunja. Lilikuwa limesimamishwa karakanani, pana na zito, limeshikwa kwa bolti za muda tu. Siku hiyo alikuwa na haraka zake. Akafungua bolti kabla kazi haijashika vizuri, na geti zima likamlalia. Hakuwa na wa kumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko paja lenyewe, kwa maana mafundi wenzake alikuwa amewasema miaka nenda miaka rudi kwa kosa hilo hilo.

Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Siku ya kumruhusu arudi nyumbani alimwambia wazi, mkewe akiwa pembeni anasikia.

"Baba, hiki chuma si mguu mpya. Ni msaada tu. Mwenye kazi ya kukubeba ni mfupa, na mfupa hauungi kwa mtu anayelala kitandani. Kwa hiyo ukanyage. Taratibu, na magongo yako, lakini kila siku ukanyage. Mfupa ukikataa kuunga, siku moja chuma kitachoka kikatike humo humo ndani, na hapo sikuahidi kwamba utasimama tena kwenye kazi yako."

Bawaba aliitikia kwa kichwa, kwa adabu zote. Ila katika maneno yote hayo, masikioni mwake yaliingia mawili tu: chuma kitachoka. Mengine yalipita na upepo.

Usimcheke. Mwalimu angetii, dereva angetii, hata mwizi angetii. Kosa hili lilimtaka fundi wa chuma. Tangu ujana wake alijua kwamba waya ukikunjwa huku na huku mwishoni unakatika, na kwamba chuma kinachochoka ni kile kinachobebeshwa. Alijua pia kwamba kazi mbichi haiguswi. Unaichomelea, unaiacha itulie, na atakayeiegemea ole wake. Basi akalichukulia paja lake kama kazi mbichi. Akaamua kukitunza kile chuma, kisibebe kitu, mpaka siku mfupa utakaposhika wenyewe kwa wakati wake.

Akabuni mwendo wake. Gongo kwapani upande wa kulia, mkono wa kushoto begani kwa mkewe, na uzito wote anamwachia yeye. Mguu mbovu ukawa unaning'inia kama suruali kwenye kamba, kidole gumba kikigusa sakafu kidogo, kwa ajili ya macho ya watu. Hivyo ndivyo alivyokwenda bafuni, na barazani kuota jua, na hivyo ndivyo alivyorudi kitandani.

Mkewe ndiye aliyekuwa mpaka rangi wa karakana yao. Yeye Bawaba anaunga, mke anapiga msasa na kupaka, na hakuna mteja aliyewahi kuona tone lililochirizika kwenye kazi ya mama huyo. Sasa ikawa anaamka, anambeba mume mpaka bafuni, anamrudisha, anakwenda karakanani kumalizia zile kazi zilizoachwa nusu, anarudi mchana kumbeba tena. Hakulalamika. Na Bawaba, kama wanaume wengi wanaopendwa, akadhani kutolalamika maana yake ni kutoumia.

Aliyewachangamsha ni shemeji yake, mdogo wa huyo mke, mtu asiyejua kuingia nyumba ya mgonjwa kwa upole. "Shemeji!" alikuwa akiita tangu mlangoni. "Nasikia siku hizi una nondo ndani. Siku ukitutoka hatuziki mali, tunakuuza chuma chakavu!"

Bawaba alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Kisha akanyamaza ghafla na kulipapasa paja, kuhakikisha hakuna kilicholegea.

Siku ya kurudi kwa daktari, walilipiga picha paja. Daktari akaipachika kwenye ubao wenye taa, na Bawaba akajikuta anaisogelea. Kile chuma kilikuwa katikati ya mfupa, cheupe kuliko vyote, kimenyooka kwelikweli. Skrubu za juu zilipita mshazari, za chini zilikatiza juu ya goti, zimekaa mahali pake. Moyoni alikiri kwamba aliyeifanya kazi ile hakubahatisha. Halafu akaona mwanya. Pale mfupa ulipokatika, mstari ulikuwa wazi vile vile, na pembeni yake kulikuwa na ukungu hafifu tu, upande mmoja.

"Unakanyaga?" daktari aliuliza.

"Nakanyaga, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Daktari aliinama akaushika unyayo wake, uliokuwa laini kama wa mtoto mchanga. Akalipima paja kwa viganja, jinsi lilivyonywea. Akamgeukia mke. "Mama, anakanyaga huyu?"

Kumuumbua mume mbele ya watu hakukuwa tabia yake, na kusema uongo mbele ya picha ile hakukuwezekana. Mwishowe mke akainua mkono wa kushoto, akauweka juu ya bega lake la kulia.

"Anakanyaga, daktari," alisema. "Anakanyaga hapa."

Bawaba aliangalia chini. Maneno hayakusemwa kwa hasira, na afadhali yangesemwa kwa hasira, angepata pa kujibia.

Daktari alivuta kiti. "Sikiliza baba. Nataka nizitoe hizi skrubu za chini, za juu ya goti. Chuma chenyewe kitabaki. Kwa sasa kimefungwa juu na chini, kwa hiyo vipande viwili vya mfupa vimeshikiliwa mbalimbali, vinatazamana tu. Nikizitoa, mfupa utapata nafasi ya kuteleza kidogo. Ukikanyaga, cha juu kitakikalia cha chini. Hapo ndipo vinapoanza kushikana."

"Unataka kufungua skrubu kwenye kitu ambacho hakijashika?"

"Ndiyo."

"Daktari, mimi niko hapa kwa sababu nilifungua kabla kitu hakijashika."

"Najua. Lakini geti ukiliacha mwaka mzima utalikuta vile vile. Mfupa ni kitu hai. Unangoja upewe kazi."

"Nikikataa je?"

"Utakaa hivi hivi. Chuma kitabeba kila kitu peke yake, na kinavyoishia unajua kunishinda." Daktari akazima taa ya ubao. "Nendeni mkafikiri. Sitamfungua mtu ambaye hatakanyaga, maana nitakuwa nimekulegeza bure."

Nyumbani Bawaba akageuza uso ukutani. Alikuwa amebanwa pande zote. Akifungua, alikuwa anarudia kosa lililomvunja. Asipofungua, chuma kitakatika siku moja akiwa hajui lini, na mageti yatatengenezwa na watu wengine, naye atakuwa mzee wa barazani kabla ya uzee. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, na kwa kuwa hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaogopa, hakujua pa kuanzia.

Mkewe alipokwenda kazini, akamwomba shemeji ampeleke karakanani. Alisema anataka kunusa chuma kidogo, akili imkae sawa. Shemeji akampakia kwenye mkokoteni wa kubebea mabomba, huku akiita, "Jamani tupisheni, mzigo wa chuma huu!" mpaka mtaa mzima ukawa unacheka. Wakaingia kwa nyuma. Bawaba akakalishwa kwenye benchi, nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ukutani.

Mke alikuwa uani, amesimama juu ya kreti, anapaka geti refu. Hakujua kama wamefika. Bawaba alimtazama kwa raha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuona kazi, na ilichukua muda kidogo kabla hajaona kwamba brashi iko mkono wa kushoto. Mkewe hakuwa mtu wa mashoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala ubavuni. Alipotaka kuusogeza mkebe wa rangi, aliujaribu mkono ule, akauinua kidogo, akauacha. Akashuka. Akashika bega, akaegemeza paji la uso kwenye chuma ambacho hakijapakwa, akabaki hivyo, macho yamefumbwa. Halafu akapanda tena kwenye kreti, akaendelea. Na kwenye sehemu aliyokwisha kupaka, rangi ilikuwa imechirizika, tone chini ya tone, kwenye kazi ya mwanamke aliyewahi kumfukuza kibarua kwa tone moja.

"Tangu lini?" Bawaba alinong'ona.

Shemeji, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha. "Dada alinikataza nisikwambie. Upande ule hata kulalia hawezi. Anasema ukijua utakataa kushikwa, halafu utaanguka."

Bawaba aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Alikuwa amekitunza chuma. Alikuwa amekihurumia kitu kisichojua kuumwa, akamtwisha huyu anayejua. Alimpenda mkewe, hilo halikuwa na ubishi, na bado alimfanyia hivi kila asubuhi, akimshukuru na kumwegemea.

Gongo lilianguka sakafuni. Mke akageuka, akawaona.

"Nani kakuleta huku?"

"Bega limeanza lini?"

"Bega gani? Litapona likipumzika."

"Litapumzika lini?"

Mke alichovya brashi, akaikung'uta ukingoni mwa mkebe, akarudia kupaka. "Hilo," alisema bila kugeuka, "si la kuniuliza mimi."

Wakarudi kwa daktari.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Walimtia ganzi kuanzia kiunoni, akabaki macho, na kitambaa kikawa kimewekwa asione. Lakini masikio ya fundi huwezi kuyafunika. Alisikia bisibisi ikikaa kwenye kichwa cha skrubu, akasikia ule mlio mdogo wa kwanza wa uzi wa skrubu unaoachia, na mikono yake mwenyewe ikakaza kingo za kitanda kama iliyotaka kuirudisha. Baadaye aliomba aonyeshwe skrubu. Akazigeuza mwangani, akapitisha ukucha kwenye uzi wake, akasema kwa shingo upande, "Kazi safi." Daktari akamjibu kwamba yake imekwisha, iliyobaki ni ya mwenye mguu.

Nyumbani, kidonda kilipotulia na ruhusa ya kukanyaga ikatoka, Bawaba alikaa ukingoni mwa kitanda. Mkewe alikuja upande wa kushoto kama kawaida, akainama kidogo, bega tayari.

"Toka hapo," alimwambia.

"Utaanguka."

"Toka, mke wangu. Kakae kule."

Mke alikwenda akaketi kwenye kiti karibu na dirisha, kwenye ncha tu ya kiti, tayari kuruka. Bawaba akasimama kwa gongo moja na mguu mzima. Mguu mbovu ulikuwa sakafuni, unyayo wote. Akapiga moyo konde, akauachia uzito.

Kitu kilisogea ndani. Hakikuwa kikubwa, kidogo tu, mfupa ukikaa juu ya mfupa, na maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Alifumba macho akingoja geti limwangukie. Alingoja, jasho likimtiririka mgongoni, na mguu wake ukawa bado uko chini yake. Haikuwa na maana kwamba amepona. Mfupa ungeweza kukataa bado, na daktari hakumwahidi kitu. Lakini alikuwa amesimama, na chumbani hapakuwa na mtu mwingine aliyembeba.

Hakurudi kitandani. Alikwenda mpaka mezani kwenye jagi la maji, hatua zake za ovyo, anauma midomo. Mke alinyanyuka.

"Kaa," alisema Bawaba. "Kaa tu."

Akamimina maji kwenye kikombe. Akakishika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao siku zote hizo kazi yake ilikuwa kuning'inia kwenye bega la mtu, akaanza safari ya kwenda dirishani. Kila alipokanyaga, maji yalimwagika. Mengine yalimlowesha yeye, mengine yakabaki sakafuni nyuma yake. Alipofika, alikuwa anahema kama aliyekimbizwa. Akamnyooshea.

Mke alikipokea kwa mkono wa kushoto. Akachungulia ndani.

"Umeyamwaga yote."

"Kaa hapo hapo," alisema Bawaba, na akakichukua kikombe mkononi mwake. "Nakuletea mengine."