Aproni ya Ingerid na Multe za Wifi Borghild

Kitendawili. Semeni "tega", kisha mtulie.

Nina nguo mpya, nzima, nyeupe pe. Naitoboa kwa mkasi kwa hiari yangu, na kila tundu linaizidishia thamani. Lakini tundu moja likikosa mahali pake, nguo yote inakuwa tambara la kupangusia jiko. Ni nini?

Hamjui. Basi nipeni mji. Mmenipa Bergen? Haya, nimekwenda Bergen, nimekula samaki wao, nimenyeshewa kutoka asubuhi mpaka jioni, nimerudi. Jibu ni darizi yetu sisi watu wa Hardanger, uzi mweupe juu ya kitani cheupe. Kwanza unajenga vitofali vidogo vya mishono. Vikishasimama imara, unachukua mkasi unakata nyuzi za kitambaa chenyewe katikati yake, na matundu yanafunguka kama madirisha. Uzi unaukata miguuni mwa kitofali, pale mishono inapoishia, kwa sababu hapo ndipo umeshikwa. Ubavuni hukati kamwe. Ubavuni hakuna kilichoushika.

Gunnvor alikijua kitendawili hicho tangu akiwa mtoto wa kukaa miguuni mwa mama yake. Na bado kilimkamata uzeeni.

Ilikuwa Agosti. Mjukuu wake, Ingerid, alikuwa apokee kipaimara mwanzoni mwa Septemba, na alikuwa ameomba vitu viwili tu. Aproni ya vazi lake la sikukuu idariziwe na bibi mwenyewe, isiwe ya dukani. Na mezani kuwe na krimu ya multe, ile aliyokuwa akiipenda marehemu babu. Basi. Mtoto mwenye adabu, hakuomba makuu. Aproni Gunnvor aliiweza. Multe ndizo zilizomchoma roho.

Maana multe hazipandwi. Zinaota zenyewe kwenye vinamasi vya mlimani, shina moja tunda moja, jekundu likiwa changa, la dhahabu likiiva, kinyume cha matunda yote yenye akili timamu. Na mwenye kujua kinamasi cha multe hamwambii mtu. Kwetu unaweza kumwuliza mtu mshahara wake, au ugonjwa wake, au kilichomgombanisha na mkewe, na atakujibu. Mwulize anachumia wapi multe, atatazama dirishani na kukuambia kwamba hali ya hewa inabadilika.

Gunnvor hakuwa na kinamasi. Aliletwa hapa na ndoa, kutoka ng'ambo ya ghuba, na mumewe Leiv alikuwa mtu wa miti ya matufaha; mlimani alipanda kwa ajili ya kondoo tu. Mwenye kinamasi alikuwa wifi yake, Borghild, dada wa Leiv. Kila Agosti, tangu Gunnvor akiwa bibi harusi, Borghild alitoka alfajiri na ndoo kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine, kitambaa cha kichwa kimefunika ndoo. Krismasi ikifika alimletea Gunnvor chupa moja ya jamu. Moja. "Usiimalize siku moja," alikuwa akimwambia, kama anayempa mgonjwa dawa.

Mwaka huo Borghild aliteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika kifundo cha mguu. Nyumba yake ina ngazi kali, kwa hiyo wakamleta kwa Gunnvor. Akakalishwa jikoni kwenye kiti cha Leiv, mguu wenye plasta juu ya kigoda, na kutoka hapo akasimamia kila kilichofanyika ndani ya nyumba ile.

"Wifi, hiyo jamu yako inatokota kama maji ya kufulia," akasema asubuhi moja.

Gunnvor alikuwa akikoroga rasiberi. "Jamu huchemshwa, wifi."

"Ya rasiberi, sawa, haina cha kupoteza. Multe hazichemshwi. Unazikoroga mbichi na sukari, taratibu, mpaka sukari iyeyuke yenyewe. Ukizitia moto unabaki na mbegu."

"Ningezikoroga kama ningekuwa nazo."

Borghild akatazama dirishani. "Naona upepo umegeuka," akasema.

Gunnvor akaweka mwiko chini. "Wifi, nakuuliza kwa heshima. Unachumia wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Huko mlimani."

"Mlima wote uko juu."

"Basi umeshajua nusu."

"Zimeiva sasa hivi, Borghild. Juma lijalo zitakuwa uji, na plasta yako haitoki kabla ya hapo. Unataka ziliwe na nani, kunguru? Mficha uchi hazai."

"Mimi sikuzaa," Borghild akasema, "na usingizi ninaupata vizuri."

Ukiwa na wifi wa namna hiyo jikoni, kuanzia chai ya asubuhi mpaka maziwa ya jioni, mikono inaanza kukuwasha. Gunnvor aliosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Halafu akajaza kahawa kwenye chupa, akaiweka pamoja na mkate karibu na kile kiti, akavaa buti za mpira za marehemu mumewe, akachukua ndoo.

"Unakwenda wapi?" akauliza Borghild.

"Juu," akajibu Gunnvor, akafunga mlango.

Alipanda mlima kwa hasira, na hasira haina pumzi. Alipita kibanda chao cha malisho, ambako zamani ng'ombe walikamuliwa kiangazi, akaendelea mpaka ziwa la juu, akazunguka kinamasi baada ya kinamasi. Buti za Leiv zilikuwa kubwa na zilinyonya matope. Aliona majani mengi. Aliona mashina yaliyokwisha kuchumwa, yamesimama wazi kama vidole visivyo na pete. Na kila mtu aliyemwona kwa mbali aligeuka akashika njia nyingine, kama watu wanaodaiana.

Mmoja alichelewa kugeuka. Alikuwa Aslak, jirani wa shamba la chini, akishuka na ndoo iliyofunikwa kwa koti.

"Umechuma, Aslak?"

"Mimi? Nilikuja kuangalia kondoo."

"Na ndoo?"

"Chumvi yao ya kulamba."

"Umewasaidia kulamba? Ndevu zako zimekuwa za dhahabu."

Aslak akazipangusa ndevu bila haraka. "Hali ya hewa inabadilika, Mama Gunnvor," akasema, akapita.

Gunnvor akarudi nyumbani, mtu mzima wa watu, na punje chache nyekundu chini ya ndoo. Borghild aliinama akazitazama kwa muda mrefu, kama daktari.

"Changa," akasema. "Hata ndege angekuonea huruma."

"Nikusaidie kucheka?" Gunnvor akauliza. Alikuwa akivua buti, maji yanamwagika sakafuni. "Nimezunguka ziwa zima. Wakati wa kushuka miguu ilikataa. Nikakaa kizingitini pa kibanda chetu cha malisho, nikakamua soksi, nikalia kama mtoto aliyenyimwa titi. Kwa matunda. Mimi, bibi wa watu."

Borghild aligeuza uso dirishani, lakini hata upepo hakuutaja.

Baada ya chakula Gunnvor akaichukua aproni. Mwanga ulikuwa bado mzuri, na ilibaki safu moja tu ya kukata. Vitofali vyote vilikuwa tayari, vimesimama kwa mpangilio, kazi ya majira yote ya baridi. Sijui niwaelezeje raha ya kazi ile siku ikiwa njema: hesabu inakwenda yenyewe kichwani, kitani ni baridi vidoleni, na roho inatulia kama maziwa yaliyoachwa yagande. Siku hiyo haikuwa njema. Hesabu haikukaa. Kila alipofika uzi wa nne aliona ndevu za Aslak.

"Usikate ukiwa na hasira," Borghild akasema.

"Sina hasira."

"Unapumua kama fahali."

"Wifi, aproni ni ya mjukuu wangu, mkasi ni wangu, na pumzi ni yangu."

Akaingiza ncha ya mkasi, akakata.

Uzi uliokatwa mahali pake hunyamaza. Huu ulichomoka. Gunnvor aliusikia vidoleni kabla ya kuuona: amekata ubavuni. Kitofali kikalegea, nyuzi zikatoka vichwa kama funza, na kitofali cha jirani nacho kikaanza kulegea. Kosa la mtoto wa darasa la kwanza. Mama yake angemchapa vidole.

Aliiweka aproni mezani, akateremka kwenye chumba cha chini wanakoweka akiba, akasimama mbele ya rafu zake. Jamu ya rasiberi. Jamu ya plamu. Jamu ya stroberi, ya zabibu nyekundu za uani, ya matufaha na tangawizi. Chupa zimejipanga mpaka darini, kila moja na kofia yake ya kitambaa, zinang'aa. Jasho lake la miaka na miaka, na hakuna hata moja iliyoombwa. Ingerid angekula krimu ya stroberi na kusema "asante, bibi", kwa adabu ile ile. Na angevaa aproni ya dukani. Adabu hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Afadhali mtoto angenuna.

Alipopanda tena jikoni, kiti cha Leiv kilikuwa kitupu.

Borghild alikuwa mezani. Alikuwa ameruka kwa mguu mmoja mpaka pale, amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na alikuwa akichomoa uzi mmoja mmoja kutoka kwenye kipande cha kitani kilichobaki.

"Ukianguka, daktari atanilaumu mimi," Gunnvor akasema.

"Kaa. Shika hapa, vuta, usivute sana."

"Acha, wifi. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Ya kisimani. Ya kitani yanazoleka. Kaa, unanizibia mwanga."

Gunnvor akakaa, akakikaza kitambaa kwa mikono yote miwili. Borghild akaupitisha uzi mpya kwenye njia ya uzi uliokufa, juu, chini, juu, chini, mpaka ng'ambo ya kitofali. Kisha wa pili. Akakifumua kitofali kilicholegea, akakijenga upya juu yake. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, na sindano ilikwenda kama inayorudi nyumbani. Kahawa ikapoa. Gunnvor alisikia saa ya ukutani, akasikia kondoo nje. Hakutaja multe. Hakutaja mlima.

"Mbona huulizi?" Borghild akasema, macho kwenye kazi.

"Nimechoka kuuliza."

"Miaka yote hiyo, umechoka leo?"

"Leo."

Borghild akafunga kitofali, akahamia cha pili.

"Baba alinipeleka mimi," akasema. "Leiv alikuwa kitandani na surua. Mimi nilikuwa kitoto cha kupoteza meno. Tukapanda wawili. Baba akaniambia, Borghild, shamba litakuwa la kaka yako, na nyumba, na miti. Ndiyo desturi, mimi siwezi kuivunja. Hapa ni pako. Usimwonyeshe mtu." Akailamba ncha ya uzi, akaitia tunduni. "Nilipoondoka kwenda kuolewa nilipewa sanduku na ng'ombe. Ng'ombe alikufa."

"Na Leiv hakujua mpaka anakufa?"

"Leiv alikuwa akinipita pale na kondoo wake, anaimba. Unajua alivyokuwa akiimba."

"Vibaya."

"Vibaya sana."

Wakacheka kidogo, kwa puani. Halafu Gunnvor akasema, "Kwa hiyo ile chupa ya Krismasi."

"Ile ilikuwa ya Leiv. Nilimwonea huruma, hakuwa na kinamasi." Borghild akasukuma miwani juu. "Nikikuambia, mwaka kesho nitabaki na nini?"

"Mguu utapona. Tutakwenda wote."

"Hutembei haraka."

"Na wewe unaruka kama kunguru."

Borghild akafikiri juu ya hilo. "Hutamwambia mwanao."

"Sitamwambia."

"Wala Aslak."

"Aslak namwambia hali ya hewa."

"Ingerid mwambie," Borghild akasema. "Nikishakwenda. Yeye naye ni msichana."

Akageuza aproni akaitazama kwa nyuma, maana kwetu kazi hukaguliwa nyuma, kisha akaigeuza tena mbele na kuilaza mezani. Pale palipokuwa na jeraha Gunnvor hakupaona hata alipopatafuta kwa kidole.

"Basi ni wapi, wifi?"

Borghild akaukata uzi kwa meno, akaichomeka sindano kwenye shingo ya blauzi yake.

"Kibanda chenu cha malisho," akasema. "Kwa nyuma kuna vile vichaka vinavyowasha, ambavyo kila mtu anavikwepa. Pita katikati yake, hatua chache tu. Leo ulipokaa kizingitini ukikamua soksi, ulikuwa umezipa multe mgongo."