Mnyapara wa Alfajiri

Stefania alikuwa akimenya mihogo ya chai, nyumbani kwao Kwamndolwa, kipande cha reli kilipogongwa kuwaita wakata mkonge kazini. Kipande hicho kiliuzwa kama chuma chakavu zamani, na kambi ya wakata mkonge sasa ni shamba la mahindi. Hata hivyo majirani walisikia mlio wake. Wenye safari ya Handeni walishukuru kuamshwa mapema.

Kwa Stefania mlio ulikuja na mtu. Alikuwa amehangaika sana kupata saa yake ya kuandika. Alijaribu baada ya chakula, akasinzia. Alijaribu ndani ya basi la Mkata, akaishia kusikiliza ya watu. Sasa kila alfajiri aliingia mnyapara wa kambi ile, aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, akasimama nyuma ya kiti chake. Kalamu ikitulia, fimbo iligonga meza. Kurasa zilitimia, lakini hofu haikumtoka. Hata mchana, akiuza vitenge, alihisi mtu kisogoni.

Mama yake, Evodia, alimtambua mgeni. Alimwamkia, akamwekea uji.

Mnyapara huyo ndiye aliyemmaliza Nicolaus, baba yake Evodia, na hicho ndicho Stefania alichokuwa akiandika. Babu alilala na homa. Mnyapara alipofika kumwita kazini, babu, mtu wa adabu zake, alinyanyuka kumsalimu, Evodia mdogo akimshika mkono asianguke. "Kumbe unasimama," mnyapara alisema, akamtoa kwenda kukata mkonge. Jioni walimrudisha kwenye troli, juu ya matita ya mkonge, amekwisha kufa. Mnyapara aliisoma sehemu hiyo juu ya bega la Stefania, akamwonyesha palipokosa nukta.

Masika yalipoanza, malaria ikamwangusha Stefania. Reli ikagongwa. Aliapa moyoni kwamba leo hanyanyuki, liwalo na liwe. Evodia alimwombea ruhusa: mtoto mgonjwa, apumzike leo tu. Mnyapara alisimama miguuni pa kitanda, kofia kichwani, akingoja.

Kimya kikarefuka mpaka kikaanza kuonekana ni utovu wa adabu. Evodia akainama.

"Mtu mzima huyo, mwanangu. Usimwache hivyo. Mwamkie."

Stefania akashusha miguu, akasimama, mama yake akimshika mkono asianguke.

"Shikamoo."

"Marahaba," mnyapara alisema. "Kumbe unasimama."

Akamvutia kiti mezani. Evodia akaenda kupasha uji wa mgeni.